Lenzi Tatu, Pete Moja

Studio, Jumatano, saa nne asubuhi, mteja hakuna

Kwako Dada, mwenye kamera na mwenye amri,

Nakuamkia kwa heshima zote, hata zile unazosema sina. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na walimu wako huko chuoni hawajachoka na maswali yako. Kifundo cha mkono kinaendeleaje? Mama anasema ukikande kwa maji ya moto, Bibi anasema uache kubeba mazito, na mimi nasema wasikilize wote wawili ili nipumzike, maana usipowajibu wananihoji mimi kama vile mkono ni wangu. Huku tu wazima. Bibi anakula, anatukana kidogo, analala. Mama hajambo ila ana kinyongo na picha fulani, nitaifikia. Mimi mwenyewe ni mzima, miguu tu inaniuma kwa kutembea. Sababu yake iko huko chini, usiruke mistari.

Najua utaisahihisha barua hii kwa kalamu nyekundu. Sahihisha tu. Shule niliiacha mimi kabla haijaniacha yenyewe, lakini kwa mambo ya lenzi, sasa hivi hakuna wa kunibabaisha mtaa huu.

Uliniagiza jambo moja. Kwa kuwa lenzi yetu ya zamani imekufa, nichague mpya ya zumu, ile ya kazi zote, inayochukua ukumbi mzima kisha ikavuta uso wa mtu mmoja bila wewe kuibadilisha. Ukasisitiza iwe ya kamera kubwa kama yetu, ile wanayoiita fulfremu, nisije nikaleta ya kamera ndogo ikatupa picha zenye pembe nyeusi. Na iwe tayari kabla hujarudi mwisho wa mwezi, maana kazi yako ya kwanza ni mahafali ya wauguzi, watu mia tatu, na muuguzi hahitimu mara mbili ili wewe upige tena. Nikakujibu kwamba kazi umempa mwenyewe. Majivuno hayo unayo kwa mwandiko wangu, siwezi kuyakana.

Basi nikaenda kwa yule mama mwenye duka la kamera nyuma ya benki, yule anayekuuliza shida yako kabla hujavuka mlango. Nikamwambia nataka lenzi ya mtaalamu. Akaniuliza mtaalamu mwenyewe yuko wapi. Nikacheka kwa adabu. Kwa heshima yako, si yangu, alikubali kuniazima lenzi tatu, moja moja, kila moja siku mbili, nizirudishe bila hata alama ya kidole.

Ya kwanza ilikuwa ya milimita ishirini na nne hadi sabini, na tundu lake la mwanga linafunguka mpaka mbili nukta nane, maana nimeshajua kuwa namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Dada, ile ndiyo lenzi! Nzito kama tofali, kioo cha mbele kipana kama kisahani cha chai. Niliifunga kwenye kamera nikapita nayo mbele ya kinyozi mara tatu bila shughuli yoyote, hata akasimamisha mashine kichwani mwa mteja. Nikasema moyoni, kazi imekwisha. Lakini mimi si wa kudanganywa na sura. Nilibandika kurasa za gazeti ukutani hapa studio, kona kwa kona, nikasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikapiga, kisha nikaikuza picha kwenye kompyuta. Katikati herufi zinakata kama wembe. Kulia, wembe. Kushoto, uji.

Nikarudi dukani kifua mbele, nikamweleza yule mama kwamba lenzi yake inaumwa upande wa kushoto. Hakubishana. Akanipa ya pili, ya ishirini na nne hadi mia moja na tano. Tundu lake halifunguki zaidi ya nne, ila ndani ina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Nyepesi, haina mbwembwe, kinyozi hata hakugeuka. Gazeti lile lile, ukuta ule ule. Kushoto, uji.

Hapo nikaanza kujiona mpelelezi. Nikamwambia Mama kwamba duka zima linauza mizigo mibovu na ni mimi peke yangu niliyegundua, wengine wote macho yao ni ya mapambo. Mama akasema nikimaliza kugundua niende nikanunue maziwa. Nikachukua ya tatu, ya kampuni nyingine, ishirini na nane hadi sabini na tano, nyepesi na tundu kubwa vilevile. Kushoto? Wewe uliyesoma umeshajua. Mimi nilikuwa bado.

Siku ya kuirudisha nilitangaza kwa sauti, wateja wakiwapo, kwamba duka hili halina lenzi hata moja nzima. Yule mama alifungua mlango wa nyuma akamwita fundi wake, mzee mmoja wanayemwita Bisibisi, mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Fundi akaichukua lenzi, akaifunga kwenye kamera ya duka, akapiga rafu ya maboksi. Akanionyesha. Kushoto, kulia, katikati, wembe mtupu. Akaihamishia kwenye kamera yetu, akapiga maboksi yale yale. Uji. Halafu akaniuliza, taratibu kama anayeongea na mtoto, kwamba wakija kwangu wageni watatu, wakala, na wote watatu wakaumwa tumbo, nitawalaumu wageni au nitachungulia chungu?

Mteja mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa ndala.

Bisibisi akalaza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya ile pete ya kamera, pale lenzi inaposhikia, kisha akapitisha karatasi ya sigara chini yake. Upande mmoja karatasi iligoma. Upande wa pili ikapita kama mtu anayeingia kwake. Akasema pete imepinda, kitu kama unene wa unywele. Kwa mlango si neno, kwa kamera ni kilema, na lenzi yoyote ikikaa hapo inakaa imeinamisha kichwa. Akataka kujua kamera ilianguka lini. Nikasema haikuanguka, iliwekwa kwa nguvu kidogo. Akauliza iliwekwa kutoka ghorofa ya ngapi.

Sasa Dada, kama umesimama, tafuta kiti.

Nilikuandikia kwamba lenzi yetu ya zamani ilikufa kwa uzee, kwamba vumbi liliingia kwenye zumu ikakwama, ikazimika kwa amani. Nilikudanganya. Ilikufa siku ya picha ya pamoja ya chuo cha ushonaji, kazi uliyoniachia kwa mkono wako. Nilipandanisha viti viwili nikasimama juu ili niwapate wote. Mkanda wa kamera sikuuvaa. Najua, najua, mkanda kwanza ndipo kifuniko, umeniimbia tangu siku ya kwanza. Lakini ukiuvaa unafanana na mtoto wa shule aliyetundikwa ufunguo wa nyumba shingoni, na mbele yangu walikuwa wasichana arobaini. Mmoja wa safu ya nyuma akasema mpiga picha huyu ni mrefu kwa msaada wa samani. Wakaangua kicheko. Nikataka kumjibu, nikanyoosha mkono kumwonyesha, na mkono niliounyoosha ndio ulioshika kamera. Lenzi ilitangulia, kamera ikafuata. Lenzi ikapasuka palepale. Kamera niliipangusa, nikaiwasha, ikawaka, nikasema Mungu ni mwema, kesi imefungwa. Tangu hapo natumia ile lenzi ndogo ya hamsini isiyovuta, na kazi nyingi ni picha za pasipoti, uso katikati. Pembe hakuna anayeziuliza.

Ningekaa kimya, ungerudi, ungewapanga wauguzi wako, na safu nzima ya kushoto ingekuwa uji. Ungeilaumu lenzi. Au ungejilaumu wewe, maana nakujua.

Pete imebadilishwa. Bisibisi aliifanyia kazi siku nne, na baiskeli yangu sasa anaiendesha mwanawe, ndiyo sababu ya miguu. Usinihurumie, breki zake zilikuwa za kuombea dua. Nimezijaribu lenzi zote tatu upya na zote ni nzima pande zote. Yule mama mwenye duka nimemwomba radhi mbele ya wateja, kama nilivyomchafua mbele ya wateja. Aliniambia nirudie, ati hakusikia vizuri. Nikarudia.

Sasa uchaguzi wenyewe. Moyo wangu ulikuwa kwa lile tofali, nisikufiche. Bisibisi aliponiona nalitazama akaniambia lenzi si kofia, haichaguliwi kwa kujiangalia kwenye kioo. Akanishauri nifungue picha zako za miaka mitatu nione kila moja ulikuwa umevuta hadi wapi, kumbe kamera huandika hayo yote ndani ya picha. Nimekaa siku mbili nikizipitia. Dada, wewe una haya. Unasimama nyuma, hutaki kuwaziba wazazi wa watu, unavuta hadi sabini, mwisho wa reli wa lenzi yetu ya zamani, halafu ukifika studio unakata pembeni ili uso uonekane. Karibu nusu ya picha zako nzuri ziko hivyo. Mtu wa namna hiyo anahitaji mia moja na tano. Kisha nilikwenda kwenye ukumbi wa wauguzi saa tatu asubuhi, saa ile ile ya sherehe, nikapiga viti vitupu. Madirisha ni makubwa pande zote mbili, tundu la nne linatosha, na kile kifaa cha ndani kinatuliza mkono. Ukija kwenye kumbi za giza, tofali litaishinda, hilo nakubali, itabidi uwashe flashi. Lakini ukibeba tofali saa sita mfululizo, kifundo chako kitatutukana sote. Kwa hiyo nachagua ile ya pili, ile ambayo kinyozi hakuigeukia. Yule mama ameiweka kando, anangoja neno lako, si langu.

Bado moja, na hili ndilo lililonichanisha karatasi mbili kabla ya hii.

Ile picha ya Bibi dirishani akitunga uzi kwenye sindano, ambayo nilikutumia, uliniandikia kwamba sasa nimeanza kuona, kwamba nimejua cha kuacha. Hujawahi kuniandikia maneno ya namna hiyo. Mstari ule nilimsomea Mama mara tatu, kinyozi mara moja, na Bibi mara moja, naye akasema niuchane kabla sijavimba. Sasa sikiliza. Kile ulichoona nimekiacha ni Mama. Alikuwa amesimama kushoto karibu na kabati, na pichani akatokea kama moshi. Alipolalamika nilimwambia hiyo ni sanaa, hataielewa. Akauliza ni sanaa gani inayomfuta mzazi. Dada, mimi sikuacha kitu. Niliwalenga wote wawili na niliwataka wote wawili wawe wembe. Pete iliyopinda ndiyo iliyochagua. Nilipoiona picha kwenye kompyuta nilishangaa, na barua yako ilipofika nikaacha kushangaa.

Nimewapiga upya juzi, dirisha lile lile, kwa lenzi ile ya pili na kamera iliyopona. Picha iko ndani ya bahasha. Bibi anaonekana, Mama anaonekana, na kabati linaonekana pamoja na vumbi lake. Mama anasema hii ndiyo picha. Mimi nakwambia kweli, ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na haikuwa yangu. Hii ni yangu.

Kwa sababu ya ile ya kwanza uliagiza kibao kipya cha studio kiandikwe DADA NA MDOGO WAKE. Jana nilimfuata mchora vibao kwa miguu, nikamkuta amemaliza DADA NA, brashi iko hewani kwa herufi inayofuata. Nikamwambia asimame hapo. Akauliza ameharibu nini. Nikasema hajaharibu yeye, neno linalofuata litatoka kwa mwenye studio. Akaniambia amechora vibao miaka ishirini na hajawahi kuona kimoja kinachosubiri posta. Amekiegemeza ukutani kwake, nafasi ya mbele tupu, rangi imeshakauka. Ukitaka atafuta ile NA kwa kitambaa na mafuta, hakuna atakayejua iliwahi kuwapo. Itazame hii picha mpya kwanza, ndipo umwandikie. Mwandikie yeye moja kwa moja, usinipitishie mimi, maana nimekwishaonyesha ninavyopokea habari njema.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko kuna baridi. Bibi anakusalimu, anasema ulete uzi mweusi, wa huku unakatika. Bisibisi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema mtu anayesimama nyuma kiasi kile lazima ana malezi. Kinyozi hasalimu mtu, anauliza lile tofali limekwenda wapi. Kanda mkono, lala mapema, na rudi salama.

Ni mimi wako, mpiga pasipoti, naandika haya mkanda wa kamera ukiwa shingoni.