Nilifunga Bomba Kwanza

Mama mshauri, naomba uisome barua hii mpaka chini kabla hujanichukia, maana nimeiandika mara tatu nikaichana, na hii ya nne naikimbiza posta kabla moyo haujageuka.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, naishi na baba watoto, watoto wetu wawili na baba mkwe, ambaye alikuwa akilala chumba cha nyuma. Tangu mwaka jana tumeingiliwa na panya buku, wale wakubwa wanaokaribia ukubwa wa paka, wanachimba chini kwa chini kuzunguka ukuta, asubuhi unakuta udongo mpya umelundikwa na shimo la kumeza mguu, wamekula mahindi, wamekula vifaranga, wakaingia kwenye mfuko wa sare za shule nilizokuwa nimeshamaliza kushona wakatoboa kola zote, siku hiyo nikakaa chini nikalia. Baba mkwe alikuwa akiziba mashimo kwa mawe na vipande vya chupa, taratibu, shimo moja kwa siku, na nikilalamika ananiambia kazi hii haitaki pupa, nami moyoni nilimwona mzee wa kunichelewesha tu. Mteja wangu mmoja akanieleza kwamba kwao waliwatoa kwa maji, unaingiza mpira wa bomba shimoni, unafungulia, wanatoka wenyewe unawamaliza kwa rungu. Nilipomweleza baba mkwe alikataa katakata.

"Maji usiyaingize, mwanangu," alisema. "Hawa wameshafika chini ya ukuta."

Nikaitikia, kisha nikafanya nilivyotaka. Siku ya kwanza nilianza na mashimo mawili ya upande wa chumba cha watoto, yakameza maji mchana mzima hata panya mmoja asitoke, nikafurahi nikijua wanazama humo humo. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nikahamia upande wa nyuma, nikangoja baba mkwe aingie kupumzika baada ya chakula ili asinione, nikauingiza mpira, nikafungulia bomba mpaka mwisho, nikarudi kwenye cherehani kumalizia zipu ya sketi. Nilikuwa bado na zipu hiyo niliposikia kishindo, si kikubwa, kama gunia limeshushwa, nikatoka nikakuta ukuta wa chumba cha nyuma haupo, kuna vumbi na matofali, na mzee yuko chini yake.

Sasa, mama, hapa ndipo pananiua. Kabla sijapiga yowe, nilifunga bomba. Nilifunga bomba, nikauchomoa mpira, nikaukunja, nikauficha chini ya beseni la nguo chafu nikaufunika na shuka, na muda wote huo namsikia baba mkwe ananiita, "mwanangu, mwanangu," kwa sauti ndogo, ndipo nikakimbilia barabarani kuita watu. Walipomtoa nyonga ilikuwa imevunjika na mguu mmoja umepondeka, na neno alilosema ni moja tu, "Fungeni bomba." Watu wakasema maumivu yamemchanganya. Mimi nikatazama chini.

Mume wangu ameamua kwamba kosa ni la mwashi aliyetujengea, rafiki yake wa tangu ujana, eti alitupunja msingi. Alimfuata kazini kwake akamtukana mbele ya mafundi wenzake na tajiri wa nyumba waliyokuwa wakiijenga, na tangu hapo mwashi ameachishwa kazi sehemu mbili, mke wake tukikutana dukani anageuza uso. Mwashi alikuja mlangoni, akasema, "Msingi ule nimeuchimba kwa mkono wangu. Niruhusu nitazame chini tu." Mume wangu akamfungia mlango, anaapa atamfikisha mahakamani, nami nilikuwa nyuma ya pazia na, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Baba mkwe amelala sebuleni, daktari anasema hatatembea tena. Namwogesha, namlisha, ananishukuru, na hajasema neno. Nikimpa maji anakitazama kikombe, ananitazama mimi, ndipo anakunywa. Sili, silali, hata nyumba yenyewe imenichoka, mlango wa chumba cha watoto siku hizi unakwama, mpaka uunyanyue ndipo ufunge, watoto wameamua kuuacha wazi. Nimwambie mume wangu, ambaye najua atanifukuza, au ninyamaze, maana mzee mwenyewe amenyamaza, na mwashi ni fundi mzuri, hatakosa kazi kwingine? Na panya bado wapo, juzi nimeona shimo jipya. Niwafanyeje?

Fundi cherehani mwenye mzigo


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, hukuandika namba ya simu. Nimeigeuza bahasha mbele na nyuma, sikuona kitu ila muhuri wa posta, nao ni wa siku kumi na moja zilizopita. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo hukuniuliza kabisa.

Watoto wanalala wapi? Umeniandikia kwamba ulimwaga maji upande wao siku mbili, mchana mzima, na yote yakazama. Kwa mzee ulimwaga siku moja. Kisha ukaniambia mlango wao unakwama, ukadhani nyumba imekuchoka. Nyumba haichoki. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama baada ya kumwaga maji chini ya msingi, ujue fremu imepinda, na fremu hupinda kwa sababu ukuta unashuka. Watoe watoto humo. Na wewe usiingie kuchukua magodoro, nguo wala daftari. Mzee naye asogezwe mbali na ukuta huo, na mkipata pa kuhamia kwa muda, hameni nyote.

Sasa hayo uliyoniuliza. Unataka nikupe ruhusa ya kunyamaza. Sina. Unasema mwashi hatakosa kazi, na hapo hapo unanieleza kwamba amekosa mbili. Umemtwika mtu kosa lako, ukajificha nyuma ya pazia kumtazama akilibeba. Hofu yako naielewa, hata mimi ningetetemeka, na ningekuwa karibu ningekushika mkono. Lakini hebu ona ulipofika: mtu pekee anayeujua msingi wa nyumba yenu, anayeweza kusema ni wapi pa kuweka nguzo za kuushikilia ukuta uliobaki, ndiye huyo aliyefungiwa mlango kwa ajili yako. Na akiingia bila kuambiwa habari ya maji, atatafuta kosa pasipo na kosa. Kwa hiyo ukweli unahitajika leo, kabla hata ya kuomba msamaha.

Mwambie mume wako neno zima, bomba, mpira na beseni, usimpunguzie. Awepo mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Kisha nendeni pamoja kwa mwashi, na mume wako akamsafishe jina pale pale alipomtukania, mbele ya wale wale waliosikia. Atakufukuza? Huenda. Sitakudanganya.

Kuhusu baba mkwe. Unadhani aliposema bomba lifungwe alikuwa anakushtaki. Mimi nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na siioni hivyo. Yule alikuwa amelaliwa na matofali, nyonga imevunjika, na bado anaifikiria nyumba na waliomo. Kwa nini amenyamaza sijui. Kamuulize. Piga magoti, sema ulichofanya, na utaje na zile dakika ulizomwacha akikuita, kwa sababu anazijua.

Panya watangoja. Mwashi akishasema udongo umekauka na ukuta umeshikwa, mashimo yafukuliwe moja moja, yajazwe mawe na zege mpaka juu. Mahindi yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko, marundo ya mbao na matofali yaondolewe ukutani, na tumieni mitego. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mzee, shimo moja kwa siku. Maji msiyarudie tena.

Ukiisoma hii na ukuta bado umesimama, weka gazeti chini, usimalize ukurasa. Toka nje ulipotokea siku ile, ila usipitie kwenye beseni. Safari hii ita watu kwanza.