Kikombe cha Maji ya Rejeta

Burulai, huyu shemeji Taalai hafai! Si nimenunua gari lake kuukuu, kesho nivuke nalo mlima na watoto?

Nikamuuliza, "Rejeta umeitia dawa, maji yasigande?" Akashika mkate: "Shemeji, naapa kwa mkate huu, nimetia mwenyewe!" Kwa MKATE, Burulai, ambao kwetu hauapiwi uongo!

Lakini macho yake yalikuwa dirishani. Nikatoka, nikachota kikombe kwenye rejeta, nikakiacha nje kwenye ile baridi. Nikarudi kummiminia chai. Kanywa mabirika mawili, anasifu injini tu.

Nikakileta kile kikombe cha nje, nikakipindua mbele yake. Halikudondoka hata tone. Barafu tupu! Maji ya mtoni!

Nikamsogezea mkate. "Haya, apa tena."

Akaficha mkono mfukoni. "Aa, shemeji, mkate nimeshashiba."