Kioo cha Bibi

Hamburg, 3 Machi 1996

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe na Mama ni wazima na upepo haujaangusha migomba. Mimi sijambo, ila usingizi unanisumbua. Kwenye jumba la makumbusho ninakofanya usafi nimekiona kioo cha Bibi kilichopotea, kile cha shaba alichopewa na mama wa misheni. Ndege wawili mgongoni, mpini umepinda vilevile. Kumbe kina miaka elfu mbili. Nilitaka tu ujue kipo.

Mwanao, Nelson

Ibighi, 2 Aprili 1996

Mwanangu Nelson,

Marahaba. Hatujambo, mama yako ni miguu tu. Barua yako nimewasomea wazee. Sasa hakuna ubishi: shemeji yako Tupokigwe, aliyekuwa akimuuguza Bibi, ndiye aliyekiuza kwa wageni. Kaka yako Anyitike alitaka kumrudisha mkewe kutoka kwao Igogwe baada ya miaka hii saba, nami nilishaanza kulegea. Nimekataa. Asiye na hatia angejitetea. Ubarikiwe, mwanangu.

Baba yako

Hamburg, 19 Agosti 1996

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana. Kioo nilikichukua mimi. Nilimpa yule mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuja Msasani ya huko kwetu na mitumba, akanipa suruali ya jinzi. Siku mliyomfukuza shemeji nilikuwa nimeivaa.

Unasema angejitetea. Angejitetea vipi? Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe wala hatamki jina lake. Ukipita njiani alikuwa akijificha migombani. Mwenye kinywa nilikuwa mimi, nikanyamaza. Naona haya, Baba.

Mwanao

Ibighi, 27 Oktoba 1996

Nelson,

Tu wazima. Nilikwenda Igogwe na mama yako. Kwa heshima nilisimama nyuma ya nyumba, uso nimeuelekeza ukutani, yeye akiwa ndani. Nikasema, "Binti yangu, hukuiba. Nilikuhukumu wakati huna ruhusa ya kunijibu."

Nilimsikia akilia. Kisha akatoka, akazunguka nyumba, akaja kusimama mbele yangu na kunitazama usoni, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Ambakisye," akaniita kwa jina langu, "sirudi."

Mama yako alijifunika uso.

Watoto wake wawili hapa nyumbani wanauliza mama yao anakuja lini. Utawaandikia wewe.

Baba yako