Bosi na Mpiga Tarumbeta Mnene

Shoga, uko wapi? Leo nimekufa nikafufuka!

Bosi kaja nyumbani kunijulia hali, kaongozana na mhasibu. Hawakupiga hata simu! Na zile sanamu zangu ndogo za bendi ya jeshi zimejipanga mezani, brashi na rangi zote nje.

Unamkumbuka yule mpiga tarumbeta mnene niliyempaka sura ya bosi? Kipara, mwanya, mashavu yamevimba kama puto?

Bosi kamwinua. Kamkodolea macho. Kasema, "Huyu namjua!"

Namjua, shoga!

Mara akaangua kicheko: "Si mhasibu wetu huyu!"

Mhasibu, mwembamba kama njiti ya kiberiti, nywele tele kichwani! Akamtazama yule mnene, akamtazama bosi, akanitazama mimi. Kisha akasema:

"Kweli bosi. Ni mimi kabisa."

Ni mimi kabisa!!

Bosi kacheka mpaka machozi, kamfunga yule mnene kwenye leso, kaondoka naye. Eti atamweka mezani kwake, kila anayeingia amcheke mhasibu.

Na kesho wakurugenzi wana kikao humo humo ofisini kwake.

Wale, shoga, hawamwogopi.