Kilo Tatu na Robo

Garsen,
Jumamosi, 18 Septemba 1999.

Kaka yangu mpenzi Godana,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe na wifi Ifrah na watoto wote, nikitumai Mwenyezi Mungu amewaweka katika afya huko Madogo, na kwamba lile jino lako limeshang'olewa, maana barua yako ya mwisho nusu yake ilikuwa jino. Sisi huku hatuna homa wala kikohozi, shukrani ni zake. Mama mkwe anakula na anagomba, kwa hiyo ni mzima. Roho yangu tu ndiyo haijatulia. Nivumilie mwandiko, kaka, naandika mbio mbio. Gari linangoja askari wa kusindikiza msafara, na wakifika tu linaondoka.

Anayekuletea barua hii ni Kenga, yule Mgiriama wa bucha yetu. Ndiye aliyekukatia mbavu za mbuzi mlipokuja Idd. Sasa hivi amesimama nje ya mlango wangu na katoni mkononi. Nimemwambia aketi, hakuketi. Nimempa chai, ameikataa kwa adabu, na hii chai yangu ameinywa miaka sita. Akifika kwako mpe maji na chakula kabla hujasoma zaidi. Ndani ya katoni yuko mbwa wako. Ninachokuomba ni kazi kwa Kenga katika bucha yako, kwa sababu hapa Garsen hana, na kwa nini hana ndiyo barua yenyewe.

Nianze na mbwa. Uliniandikia ukiuliza kama kumebaki chochote cha yule jike wako mwekundu, aliyewatangulia ndama mpaka mwinukoni mwaka wa mafuriko ya El Nino wakati watu wazima tunapiga kelele tu. Fisi walimmaliza mwezi wa Julai. Ami Dadacha alipopitisha ng'ombe hapa kwenda kutafuta nyasi za huko chini, alikuwa na mtoto mmoja wa jike huyo ndani ya gunia juu ya punda. Wenzake wote walikuwa wamekufa. Ami alimmwaga pale uani, akacheka, akasema huyu naye hafiki Ijumaa, na kama namtaka nimchukue, yeye hawezi kutembea na maiti. Nilikasirika. Wanijua nikiambiwa jambo haliwezekani. Nikamwambia atafika Ijumaa hiyo na ya pili yake.

Kaka, alikuwa mifupa na tumbo. Mbavu unazihesabu, uti wa mgongo umesimama, lakini tumbo limevimba ukadhani ameshiba. Nikamwekea pipa bovu nyuma ya jiko liwe nyumba yake, na bakuli lake peke yake, mtu mwingine asiliguse. Shemeji yako Suleiman hakupinga, maana mbwa wa ng'ombe ni mbwa wa kazi, ila alisema neno moja: asisogee karibu na bucha. Nikamjibu, kwani mimi mtoto?

Sasa sikiliza ujinga wangu. Sisi tumelelewa kwamba mwenye njaa dawa yake ni maziwa. Nikampa maziwa mabichi bakuli zima, na juu yake mafuta ya mkia wa kondoo. Akanywa mpaka akaanguka ubavu. Kufikia jioni alikuwa anaharisha, na akaharisha siku mbili, nami na ndoo na fagio nyuma yake. Kenga ndiye aliyeniokoa. Kwao wanafuga mbwa. Aliniambia kwa upole kwamba namuua. Nimpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, uji mwepesi uliochanganywa na mapafu yaliyochemshwa na kupondwa, yai mara moja moja, na maji safi. Mapafu alikuwa akiyaweka kando mwenyewe, yale wateja hawayataki, na kila mara aliomba ruhusa ya Suleiman. Akasema pia lile tumbo si shibe, ni minyoo, na kila ninachompa mbwa, minyoo wanakula kwanza.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanitolea chupa, akauliza mbwa ana kilo ngapi. Nikamwambia ni mdogo. Akasema mdogo si kipimo, dawa hii hutolewa kwa kilo, na nikizidisha kwa mtoto aliyekonda hivyo nitamzika. Basi nikampima. Alikuwa kilo moja na robo tatu. Nilimpima wapi, usiniulize bado, nitafika.

Dawa ilifanya kazi, na niliyoyaona usiyasome wakati wa kula. Baada ya wiki mbili nikampa tena kama nilivyoagizwa, nikampima tena, kilo mbili na nusu! Tumbo likaingia ndani, mbavu zikaanza kujificha, akajua kubweka. Kila asubuhi Kenga alipita uani, akamshika mgongo kwa vidole viwili na kunipa hukumu: leo ameongezeka, leo amepungua, jana ulimpa nini. Mimi mwanamke mzima, nikisikia ameongezeka naimba mpaka saa sita.

Yaliharibika Jumatano ya tarehe nane. Mzee Buya alikuja asubuhi kununua nyama. Wawili walikuwa wameshanunua na kwenda zao. Kenga alipotaka kuweka nyama ya mzee kwenye sahani ya mizani, mzee akaona manyoya. Manyoya mekundu, mafupi, yamenata pembeni ya sahani, na karibu yake alama ya kiguu iliyokauka. Alipiga kelele zikafika steji. Watu wakajaa. Kila mtu anajua kwao Kenga kuna mbwa, na ghafla kila mtu akawa hakimu: huyu si Mwislamu, huyu hajui najisi ni nini, huyu ndiye anayeingiza mbwa kula mabaki. Suleiman akamuuliza mara moja, mbele za watu, kama ameleta mbwa pale. Kenga akasema hajaleta. Akaulizwa basi ni nani. Hakujibu. Suleiman akamvua lile koti jeupe kwa mkono wake, akamwambia aende.

Tangu siku hiyo ameomba kazi hotelini, ameomba kwa wauza samaki, ameomba hata kubeba magunia ya unga. Hotelini walimwambia waziwazi kwamba mikono yake itawafukuzia wateja. Ana watoto watatu, kaka.

Nimeshainuka mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Nimekwenda mlangoni, bado amesimama, anamtengenezea mbwa tundu la hewa. Wacha niseme.

Ni mimi. Mizani niliyoijua hapa ya kupimia kitu kidogo ilikuwa ya bucha na ya zahanati, na zahanati wangenifukuza na fimbo. Mara ya kwanza nilimpima asubuhi mapema, Suleiman hajarudi kutoka machinjioni, mbwa ndani ya kikapu, na nikaiosha sahani mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa. Mara ya pili akaruka kutoka kikapuni akailamba sahani. Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Kenga. Hakunigombeza. Aliichukua sahani mkononi mwangu, akachota udongo, akaenda nayo kwenye pipa la maji, akaiosha huku akihesabu kwa sauti, moja mpaka saba. Yeye, ambaye dini yake haimdai hata tone la maji. Kisha akanisihi nisirudie, nikitaka kumpima tena ataniazimia mizani ya samaki ya shemeji yake. Nikaahidi.

Mara ya tatu, asubuhi ya Jumatano ile ile, hapakuwa na haja yoyote. Dawa ilikuwa imekwisha. Nilitaka tu kuziona hizo kilo. Niliamka nawashwa, nikasema ni dakika moja, nikaona kilo tatu na robo, na kabla sijamaliza kushangilia nikasikia mkokoteni wa nyama unakuja. Nikaifuta sahani kwa pembe ya leso, nikakimbia na mbwa kwapani. Nikajiambia nitarudi kuiosha. Uji ukafurika jikoni, sikurudi. Na Kenga alipoulizwa basi ni nani, nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma na birika. Aliniangalia. Nami nikaangalia ndani ya birika, eti natazama kama maji yanatosha.

Nilinyamaza siku nane. Sitaipamba, ilikuwa woga. Nilimwogopa Suleiman, niliwaogopa wanawake wa bombani, niliogopa bucha isusiwe tulale njaa. Juzi Alhamisi Kenga alikuja uani kusema amepata gari la kwenda huko kwenu kutafuta kazi. Kabla hata hajaniaga aliinama, akamshika mbwa mgongo kwa vidole viwili, akasema anaendelea vizuri, nisipunguze uji. Nikaingia ndani nikalia, na Suleiman aliporudi nikamwambia yote. Alisukuma sahani ya chakula kando. Kisha akasema mji umeshatulia, nisiuamshe.

Wallahi nilitaka kumtii. Lakini jana, bucha imejaa watu wa Ijumaa, niliingia kwa mlango wa mbele nikasema, Mzee Buya akiwapo. Nikasema mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nikasema nani aliosha na nani hakuosha. Nilifika mwisho. Wateja waliondoka, sikufichi, na mmoja aliacha nyama yake mezani. Wale wawili walionunua siku ile niliwafuata makwao nikawaeleza. Mmoja alinisamehe, mwingine alinifungia mlango.

Suleiman hakunitazama. Aliweka kisu chini, akatoka mwenyewe kumtafuta Kenga, akarudi naye. Alimwomba radhi mbele za watu, akampa koti lake. Kenga alilipokea, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Akasema hana kinyongo na Suleiman, kwa sababu Suleiman hakujua. Akasema hana kinyongo na Mzee Buya, kwa sababu Mzee Buya naye hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikingoja jina langu. Hakulitaja. Akasema tu gari ni kesho, na kama mbwa wa kaka yangu ni wa kupelekwa, atampeleka yeye, maana safari ni ndefu na mtu mwingine hatajua kumlisha.

Inaniuma, kaka. Heri angenitukana. Hajanitukana, na najua hanidai chochote ninachoweza kumlipa. Nakuomba usimpe kazi ya huruma. Usimweke zizini. Mweke kwenye mizani ya bucha yako, auzie watu nyama kwa mkono wake, na yeyote atakayeuliza kwa nini aliacha kazi Garsen, mwambie ilivyokuwa na umtajie jina langu.

Honi hiyo, askari wamefika. Nibusie watoto, na wifi mwambie ile leso yake ninayo, nitaileta mwenyewe mvua zikianza. Ami Dadacha akipita huko mwonyeshe mbwa. Niombee dua kwa Mola, na Suleiman naye, ambaye tangu jana hajasema nami ila kuniomba maji.

Barua hii siifungi. Bahasha naiacha wazi, na Kenga anajua kusoma kuliko mimi. Akitaka kuisoma njiani, aisome.

Ni mimi dada yako,
Darmi