Bibi Yako Anayekufa Kila Jioni

Goma, 9 Februari 2002

Mudogo wangu Habineza,

Barua yako ya Zurich imefika, kurasa nne zote za bibi yako uliyemuoa huko: mutoto wa mukulima wa Suisse, alianza na korali ya kanisa, leo ni soprano wa opera, kila jioni anakufa jukwaani kisha anaamka kuinamia makofi. Félicitations, hongera.

Sisi tumehamia Lac Vert. Lava imekula mutaa wa Birere na nyumba yetu ya mutaa wa Mapendo.

Unauliza tu kama Mama alipenda kaseti ya nyimbo za bibi yako uliyomutumia. Alisema ni kama paka aliyebanwa na mulango. Lakini ilikuwa ya mukwe wake, basi tulipokimbia volkano akarudi ndani kuichukua. Hakutoka.

Mwambie bibi yako: Mama alikufa mara moja tu, na hakuamka.

Dada yako mukubwa,
Mukamurenzi