Siku Kasiani Aliponifunika

Mjukuu wangu Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Ilembo tu wazima, babu yako anakohoa kidogo tu, na mahindi yameshaingia ndani. Umeniuliza kama niliwahi kumjua askari wa vita vya Burma. Niliwajua wawili, na mmoja wao hadi leo nikimkumbuka mwili unanisisimka.

Miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka tisa, Kasiani alikuwa mfagiaji wa kanisa letu. Watoto tulimcheka kwa sababu alishtuka hata mlango ukigongwa. Jumapili ya mavuno nilisimama na kikapu changu cha karanga, mara baruti ikalipuka kwenye mgodi wa jirani, kanisa likatikisika. Kasiani akaruka, akaniangusha na kunifunika kwa mwili wake. Nikapiga kelele. Wanaume wakamvuta, wakampiga ngumi mpaka mdomo ukatoka damu.

"Mwacheni!" Ilikuwa sauti ya baba yangu, katekista, naye alikuwa analia. "Hivyo ndivyo alivyonifunika Burma. Bomu lilipoanguka, aliyeumia ni yeye, siyo mimi. Na sijawahi kumshukuru mbele ya watu."

Sisi watoto wake hatukujua kabisa kwamba baba alikwenda vitani. Nikapiga magoti mbele ya Kasiani, nikamsogezea kikapu changu cha karanga. Habari za Kristo kujitoa kwa ajili yetu nilizisikia kila Jumapili, lakini siku ile ziliniingia.

Kasiani alijifuta damu, akamgeukia baba.

"Mtoto hajaumia?" akauliza.

Bibi yako,
Yustina